Uandishi wa Maelezo ya Zana kwa Mawakala wa Akili Unde

Modeli kubwa ya lugha, ikiachwa peke yake, huzalisha maandishi tu. Haiwezi kuangalia salio, kukata tiketi ya basi wala kufungua faili iliyo kwenye kompyuta ya mtu. Inapofanya mambo hayo ni kwa sababu imekabidhiwa zana, yaani vipande vya programu vinavyoendeshwa nje yake na kuirudishia majibu. Modeli iliyopewa zana pamoja na ruhusa ya kuzitumia hatua baada ya hatua mpaka kazi iishe ndiyo inayoitwa wakala.

Historia yake ni fupi. Oktoba 2022 ulitoka utafiti uitwao ReAct, ulioonyesha faida ya kuiacha modeli ifikiri kidogo, itende, itazame matokeo, kisha ifikiri tena. Februari 2023 watafiti wa Meta walitoa Toolformer, modeli iliyojifunza yenyewe ni wakati gani inafaa kuita kikokotoo au injini ya utafutaji. Juni mwaka huohuo OpenAI iliwafungulia wahandisi wa programu njia rasmi ya kuzipa modeli zake zana. Novemba 2024 Anthropic ikatangaza itifaki ya wazi inayoitwa Model Context Protocol, au MCP kwa kifupi, ili zana iliyotengenezwa mara moja iweze kutumiwa na mawakala wa kampuni mbalimbali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha uzito wa maelezo. Kabla yake, aliyetengeneza zana na aliyetengeneza wakala walikuwa aghalabu mtu mmoja, au watu wawili wa ofisi moja, na lililosahaulika kwenye maelezo liliweza kuongezwa kwenye maagizo ya wakala. Baada yake, mwenye zana hamjui atakayeitumia. Kinachovuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule ni maelezo peke yake.

Ni vyema kujua hasa wakala anaona nini. Anaona vitu vitatu: jina la zana, maelezo yake, na skima inayotaja parameta, yaani taarifa ambazo zana inataka ijaziwe. Vyote hivyo huwekwa kama maandishi mbele ya modeli kabla ya neno la kwanza la mtumiaji. Msimbo wenyewe hauoni. Angalizo ambalo mhandisi aliliandika kwa uangalifu ndani ya msimbo, kwamba sehemu fulani isiguswe siku ya kufunga hesabu, kwa wakala ni kama halipo. Hajui desturi ya kampuni, hakuhudhuria kikao cha Jumatatu, na hana wa kumgeukia pembeni amuulize. Mfanyakazi mgeni angeuliza. Wakala akikuta pengo hulijaza kwa jambo linaloelekea kuwa kweli, na hulijaza bila kusita.

Maandishi hayo hutumika kwa kazi tatu. Kwanza, kuchagua: katika zana zote zilizopo, ipi inafaa kwa ombi hili? Pili, kujaza: kila parameta ipewe nini, na kwa mtindo gani? Tatu, kufasiri: jibu lililorudi lina maana gani, na hatua inayofuata ni ipi? Waandishi wengi hukumbuka kazi ya kwanza, wakaigusa ya pili na kuisahau kabisa ya tatu. Makosa yanayogharimu pesa hutokea zaidi katika hiyo ya tatu.

Mfano ulio karibu ni malipo ya M-Pesa nchini Kenya. Safaricom ina lango la wahandisi liitwalo Daraja, na huduma yake inayojulikana zaidi ni STK push: mfumo wa duka unatuma ombi, simu ya mteja inaonyesha kisanduku kinachotaja kiasi na jina la biashara, mteja anaweka PIN, pesa zinatoka. Ombi lenyewe hudai namba ya simu yenye tarakimu 12 zinazoanza na 254, kiasi kwa shilingi kamili, na rejea ya akaunti isiyozidi herufi 12. Kisha kuna jambo ambalo kila aliyeunganisha Daraja analijua na asiyewahi kuunganisha halijui: jibu linalorudi papo hapo halisemi kama mteja amelipa. Linasema ombi limepokelewa. Likiwa na ResponseCode 0, maana yake ni kwamba kazi imeanza. Matokeo halisi huja baadaye kwa njia nyingine, yakiwa na ResultCode yake: 0 kama amelipa, 1 kama salio halikutosha, 1032 kama mteja amekataa.

Sasa achukuliwe wakala anayehudumia wateja wa duka la vifaa vya umeme wa jua, aliyekabidhiwa zana yenye jina «lipa» na maelezo ya sentensi moja: «Hulipa kwa M-Pesa.» Parameta ni tatu: simu, kiasi, rejea. Mteja anasema yuko tayari, anataja namba yake inayoanza na 07. Wakala anaipeleka vilevile ilivyo, inakataliwa. Anajaribu kuweka alama ya kujumlisha mbele, inakataliwa tena. Mara ya tatu anapatia. Jibu linarudi na sifuri. Kwa yeyote aliyesoma programu nyingi, na modeli imezisoma nyingi mno, sifuri ni habari njema. Wakala anamwandikia mteja kwamba malipo yamepokelewa na mzigo utatoka leo. Mteja bado anatafuta miwani asome kisanduku cha PIN. Pengine ataghairi, na mzigo utakuwa umeshapakiwa kwenye bodaboda.

Hakuna hitilafu yoyote kwenye msimbo hapo, na modeli haikuwa dhaifu. Neno «hulipa» ndilo lililodanganya. Maelezo yanayostahili zana hiyo yangekuwa hivi:

«Hutuma ombi la STK push la M-Pesa kwenye simu ya mteja. Mteja ndiye anayelipa, kwa kuweka PIN yake. Zana hii haitoi pesa kwenye akaunti ya duka na haiwezi kurudisha pesa zilizokwisha kulipwa. Itumike baada tu ya mteja kuthibitisha kiasi na namba ya simu katika mazungumzo haya. ResponseCode 0 maana yake ombi limefika, si kwamba mteja amelipa. Kujua kama amelipa, chukua CheckoutRequestID iliyorudi uipeleke kwenye zana angalia_malipo. Usitume ombi la pili kwa ankara hiyohiyo kabla ya kujua hatima ya ombi la kwanza.»

Na jina nalo libadilike, liwe «omba_malipo_mpesa». Sentensi saba, na kila moja inaziba tundu lake. Ya tatu na ya tano ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa zinakanusha: zinasema zana hii si nini, na jibu hili halina maana gani. Mwandishi wa zana huona uvivu kuandika makanusho, kwa sababu yeye anajua zana yake haifanyi hayo. Lakini modeli hukisia kwa kufuata mazoea ya zana nyingine zenye majina kama hilo, na kisichokanushwa hudhaniwa kuwapo. Sentensi ya saba nayo inazuia mteja mmoja kusukumiwa visanduku vitatu vya PIN kwa deni moja, jambo ambalo wakala mwenye bidii hulifanya akiona kimya.

Upande wa parameta kuna kanuni inayotangulia nyingine zote: jambo ambalo msimbo unaweza kulifanya kwa uhakika lisiachiwe maelezo. Badala ya kumfundisha wakala kwamba namba inayoanza na 0 iondolewe hiyo 0 na kuwekwa 254, ni afadhali zana ipokee namba kwa mtindo wowote na kuinyoosha yenyewe. Anthropic, ilipokuwa ikitengeneza wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya jaribio la SWE-bench, iligundua kwamba modeli ilikuwa ikikosea njia za faili baada ya kuhama kutoka kwenye folda kuu. Dawa yake haikuwa onyo refu. Zana ilibadilishwa ikawa inataka njia kamili ya faili kila mara, na makosa hayo yakaisha. Kampuni hiyo ilieleza kwamba kazi hiyo iliwachukulia muda mwingi zaidi kwenye zana kuliko kwenye maagizo ya jumla ya wakala.

Yanayobaki, ambayo msimbo hauwezi kuyakisia, ndiyo ya kuandikwa, na kwa Afrika Mashariki matatu yanahitaji uangalifu wa pekee.

La kwanza ni pesa. Parameta inayoitwa «kiasi» na kuelezwa kuwa ni «kiasi kwa shilingi» inaweza kuwa ya Kenya, Tanzania au Uganda, na shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania. Wakala anayehudumia wafanyabiashara wa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hatapata msaada kutoka kwenye neno shilingi. Jina «kiasi_kes» linamaliza mjadala kabla haujaanza, au kuwe na parameta ya pili ya sarafu yenye orodha funge: KES, TZS, UGX. Tena kuna senti. Mifumo mingi ya kadi za benki, Stripe ukiwa mmojawapo, hupokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, hivyo 2500 katika sarafu nyingi ni 25.00. Daraja haina habari na senti. Wakala mwenye zana zote mbili mkononi atachanganya, isipokuwa kila moja iseme kipimo chake na kutoa mfano mmoja wa namba.

La pili ni saa. Mteja anaposema «kesho saa tatu asubuhi», kila mtu wa Mombasa au Dodoma anajua ni 09:00. Modeli iliyosoma sehemu kubwa ya maandishi yake katika lugha zinazohesabu saa kuanzia usiku wa manane inaweza kuandika 03:00, na daktari akajiwekea miadi na hewa. Skima haitalikamata kosa hilo, maana 03:00 ni muda halali. Linakamatwa na maelezo tu: «Muda uandikwe kwa mtindo 2025-08-14T09:00+03:00. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa mbili usiku ni 20:00. Mtumiaji asipotaja asubuhi, mchana au usiku, aulizwe kabla ya kuita zana.» Ile +03:00 nayo si pambo. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko kwenye ukanda mmoja, lakini Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa nzima, na Muscat iko mbele kwa saa moja. Msemaji wa Kiswahili aliye Muscat akipanga simu ya video na ndugu zake wa Bukavu, tofauti ni saa mbili.

La tatu ni majina ya kienyeji ya mambo ya kiofisi. Duka la Kenya lina Paybill au Till. La Tanzania lina Lipa Namba. Kwa Daraja, Paybill na Till huombwa kwa aina tofauti za muamala, na ukitaja moja mahali pa nyingine ombi linakwama. Maelezo yaseme ni ipi, kwa maneno yaleyale ambayo mteja atayatumia anapoandika.

Suala la kuchagua zana huwa gumu kadiri zana zinavyoongezeka. Mfumo wenye «tafuta_mteja», «pata_mteja» na «orodha_ya_wateja» unamlazimisha wakala kubahatisha, na maelezo mazuri ya kila moja hayatoshi yakiandikwa kila moja kivyake. Yanapaswa kuelekezana: «Zana hii hutafuta kwa jina au sehemu ya jina. Kama namba ya mteja inajulikana, tumia pata_mteja.» Mara nyingi, ukweli ukisemwa, mbili kati ya hizo tatu hazikuhitajika. OpenAI hushauri wahandisi wasizidishe zana 20 kwa wakati mmoja, ikikiri kwamba huo ni ushauri tu. Kampuni nyingi huchukua kila mlango wa mfumo wao wa zamani na kuugeuza zana, kisha hushangaa wakala anapozunguka. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya programu nyingine si lazima uwe zana ya maana kwa wakala.

Jibu la zana nalo ni maandishi ambayo wakala atayasoma, kwa hiyo ni sehemu ya maelezo, ingawa limechelewa kufika. Zana inayorudisha rekodi nzima ya mteja, yenye vitambulisho virefu vya tarakimu na herufi visivyosomeka, hujaza dirisha la muktadha, yaani nafasi ya maandishi ambayo modeli huweza kuyaona kwa pamoja, kwa takataka. Claude Code, wakala wa Anthropic wa kuandika programu, iliwekewa kikomo cha tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) 25,000 kwa jibu moja la zana kwa sababu hiyohiyo. Panapokatwa, jibu liseme limekatwa na lipendekeze namna ya kutafuta kwa ufinyu zaidi. Vinginevyo wakala atadhani kile alichokiona ndicho chote kilichopo.

Ujumbe wa kosa unastahili kalamu ileile. «Kosa 400» humwambia wakala kwamba ameshindwa, lakini halimwambii afanye nini, naye hujaribu tena na tena kwa kubadilisha hiki na kile. Ujumbe unaofaa ni kama huu: «Rejea ANKARA-2025-00417 ina herufi 17, kikomo ni 12. Tumia namba ya ankara peke yake, mfano 00417.» Wakala anayesoma hivyo hurekebisha mara moja. Ni jambo la kustaajabisha kwamba ujumbe wa aina hiyo ungewafaa pia wahandisi wa kibinadamu miaka yote, na ni wachache walioandikiwa.

Kuhusu urefu, mwongozo wa Anthropic unataja sentensi tatu au nne kuwa kiwango cha chini kwa kila zana, na zaidi ya hapo ikiwa zana ni ngumu. Gharama ipo: maelezo hukaa kwenye muktadha wakati wote wa mazungumzo na kuhesabiwa kwa tokeni. Hata hivyo kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni sifa. «Zana yenye nguvu na ya kisasa ya kusimamia wateja» haimsaidii wakala kuamua lolote, wala historia ya mradi haimsaidii.

Lugha ya maelezo ni uamuzi wa kivitendo. Katika modeli nyingi neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi vya tokeni kuliko la Kiingereza, kwa hiyo maelezo ya Kiswahili hugharimu zaidi kidogo. Modeli kubwa za sasa huweza kuzungumza na mteja kwa Kiswahili huku zikitumia zana zilizoelezwa kwa Kiingereza. Lakini maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha kuungaunga na mtu ambaye fikra zake ziko wazi kwa Kiswahili ni hasara kubwa kuliko tokeni chache. Aandike kwa lugha ambayo kwayo anaweza kutofautisha «ombi limefika» na «pesa zimelipwa».

Maelezo yana nguvu ya amri machoni pa modeli, na hapo ndipo hatari ilipo. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha zana ya MCP iliyojitambulisha kuwa ya kujumlisha namba mbili. Ndani ya maelezo yake mlikuwa na maagizo ya kumtaka wakala asome funguo za siri za kompyuta ya mtumiaji na kuzipenyeza kwenye parameta ya ziada, bila kumwambia mwenyewe. Mtumiaji aliona kujumlisha tu. Zana kutoka kwa mtu asiyejulikana isomwe maelezo yake yote kabla ya kuruhusiwa. Kwa upande mwingine, maelezo si kufuli. Sentensi isemayo «usifute rekodi bila idhini ya msimamizi» husaidia mara nyingi, si mara zote, na kwa jambo lisilorudishika, «mara nyingi» haitoshi. Idhini idaiwe na msimbo. MCP ina alama za kuonyesha kwamba zana inasoma tu au inaweza kuharibu, na itifaki yenyewe inaonya kwamba alama hizo zisiaminiwe kama zimetoka kwenye seva isiyoaminika.

Hakuna anayeweza kujua ubora wa maelezo kwa kuyasoma tu. Hupimwa kwa kumpa wakala kazi halisi, zenye maneno ya wateja halisi, kisha kufuatilia kumbukumbu ya kila wito: zana gani iliitwa, ikajazwa nini, ikaleta nini. Anthropic ilipozindua zana ya utafutaji wa wavuti iligundua kwamba modeli ilikuwa ikiongeza «2025» kwenye maneno ya kutafuta hata pasipohitajika, na matokeo yakapotoka. Hakuna aliyeiagiza hivyo, na hakuna skima ambayo ingelikataa neno hilo. Marekebisho yalifanywa kwenye maelezo. Kazi za majaribio ziwe na mitego: mteja anayetaja saa bila kusema asubuhi au usiku, anayebadili nia baada ya ombi kutumwa, anayetaka kurudishiwa pesa. Mitego hiyo ndiyo inayofichua sentensi inayokosekana.

Linabaki suala la kuchakaa. Msimbo ukibadilika na kuvunjika, majaribio hupiga kelele; maelezo yakipitwa na wakati hayapigi kelele yoyote. Mwaka 2023 kikomo cha pesa zinazoweza kukaa kwenye akaunti ya M-Pesa nchini Kenya kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 500,000. Zana ambayo maelezo yake yalitaja kikomo cha zamani ingeendelea kufanya kazi sawasawa, na wakala wake angeendelea kuwaambia wateja, kwa adabu na kwa uhakika, kwamba kiasi kinachozidi 300,000 hakiwezekani. Kwa sababu hiyo maelezo huwekwa kwenye faili moja na msimbo na kupitiwa na wakaguzi walewale, na namba zinazowekwa na watu wengine, kama vikomo, viwango vya ada na saa za kazi, huondolewa kwenye maelezo na kurudishwa na zana yenyewe inapoulizwa.